Mtwara hadi Lindi kwa baiskeli isiyo na breki: siku tano na mpwa wangu

Nimerudi wiki iliyopita na magoti bado yananidai. Haya nimeyakusanya kwenye daftari lililolowa jasho na picha arobaini na kitu za simu, ambazo nusu yake ni za tairi.

Mpwa wangu ana miaka 17 na amepatwa na ugonjwa wa mbio za baiskeli za uwanjani. Sio zile za barabarani. Hizi hukimbiwa kwenye njia ya mbao iliyoinuka pembeni kama bakuli, mzunguko mmoja mita 250. Uwanja wa namna hiyo hajawahi kuuona kwa macho, wala mimi. Alichonacho ni video kwenye simu iliyopasuka kioo, na karibu zote ni za mtu mmoja, Jason Kenny, Mwingereza wa Bolton, aliyeshinda dhahabu 7 za Olimpiki kisha akawa kocha.

Sasa, baiskeli za huko hazina breki wala frewili. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, upende usipende. Kijana akaipeleka Phoenix ya marehemu babu yake kwa fundi wa kuchomelea, frewili ikachomwa ikawa kitu kimoja na gurudumu. Breki akazing'oa mwenyewe. Halafu akamtangazia mama yake kwamba anakwenda Nane Nane kule Ngongo, Lindi, na chombo hicho. Dada yangu akanipigia saa nne usiku. Kwetu neno la mjomba ni zito, na dada alitegemea nikataze. Nikasikia mdomo wangu unasema nitakwenda naye.

(Yeye ananiita mjomba, nami namwita mjomba, ndivyo tulivyozoea. Mkiona neno hilo huko chini mtazame nani anasema.)

Siku ya kwanza, Jumatano 6 Agosti: Mtwara, Mikindani, Mpapura

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi badala ya kumi na moja, kwa sababu pampu ilikuwa imeazimwa na jirani na jirani alikuwa amelala. Chai na chapati mbili mbili njiani, 2,600 kwa wote.

Hadi Mikindani ni kama kilomita 10, tambarare, bahari inakuchungulia mkono wa kulia. Tulisimama chini ya Boma la Wajerumani, lile la 1895, siyo kwa ajili ya historia bali kwa sababu kijana alishindwa kusimama mapema akanipita mita thelathini akiwa anakaza mapaja kurudisha pedali nyuma. Mzee mmoja fundi baiskeli chini ya mkungu alikuwa anatazama.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Huyo mtoto baiskeli yake inasimamaje?"

Mpwa wangu akamweleza kwa heshima zote habari za uwanja wa mbao. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huko kwenye mbao kuna malori?" Kisha akatoa breki ya mbele ya waya kutoka kwenye kopo, akaifunga bila kuuliza ruhusa ya mtu. Nilipotoa pesa akakataa. "Hii nakuazimeni. Mkirudi mnirudishie."

Tahadhari kwa watakaopita: malori anayoyataja mzee yapo kweli. Yanaleta makaa ya mawe bandarini Mtwara kutoka upande wa Ruvuma, na kuanzia Mikindani hadi Mnazi Mmoja mnagawana nayo lami ile ile. Yakikupita upepo wake unakuvuta ndani kwanza, halafu unakusukuma nje. Shikilia usukani kwa mikono miwili na usijitie ushujaa.

Kilima cha kutoka Mikindani nilikipanda kwa miguu. Yeye alikipanda amesimama juu ya pedali, akanisubiri juu, na pale juu ndipo somo la kwanza lilipotolewa. Akasema tukienda sambamba tunapoteza nguvu. Mmoja akate upepo, mwingine ajifiche nyuma yake, kisha wapokezane. Ndivyo wanavyofanya kwenye mbio za kasi za timu: watu watatu, mizunguko mitatu. Wa kwanza anaongoza mzunguko mmoja, anapanda juu pembeni, kazi yake imekwisha. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu anamaliza peke yake. Beijing 2008 Kenny alikuwa na miaka 20, akakimbia katikati ya Jamie Staff na Chris Hoy, wakachukua dhahabu.

"Kwa hiyo mimi nani hapa?" nikauliza.

"Wewe Staff, mjomba. Unaanza, halafu unatoka."

Sikuipenda sana kauli hiyo. Lakini nikaanza mbele, na kweli ilikuwa nafuu kwa wote. Isitoshe kusi ilikuwa mgongoni. Anayetaka safari hii mwezi wa Agosti aanzie Mtwara kwenda Lindi, si kinyume chake, labda kama ana deni la dhambi la kulipa.

Mikorosho ilikuwa kwenye maua na watu walikuwa wanapulizia salfa. Vumbi la njano lilikuwa limetanda barabarani, tukapita tumejifunga kanga puani. Pancha ya kwanza ilitukuta hapo hapo. Vijana wawili wa mashine ya kupulizia wakazima injini yao, wakatupa maji ya kutafutia tundu kwenye ndoo, na mmoja akatupa kipande cha tyubu cha kiraka. Solusheni tulikuwa nayo. Sabuni ya kunawa salfa hatukuwa nayo, na macho yaliwasha hadi jioni.

Mpapura tulifika tumechoka kuliko hesabu za karatasi. Mama mmoja alikuwa anauza ming'oko ya kuchemsha kwenye beseni, fungu 500. Kwa wasioijua, ni mizizi ya porini, myembamba, unaichubua kwa vidole na kula na chumvi. Nilimuuliza gesti iko wapi. Akatazama baiskeli, akatazama magoti yangu, akasema, "Baraza langu halina mlango lakini lina mkeka." Tukalala hapo. Usiku alituletea ugali wa muhogo na dagaa, na asubuhi alikataa pesa yoyote isipokuwa ya ming'oko.

Mwezi ulikuwa karibu kujaa, na simu ya kijana ilikuwa na chaji. Tukatazama fainali ya 2008 ya mmoja mmoja. Nilidhani nitaona watu wanapepea. Kumbe wanaanza polepole kama wanaotafuta sindano iliyoanguka, wakati mwingine wanasimama kabisa juu ya baiskeli bila kuweka mguu chini, kila mmoja anamlazimisha mwenzake atangulie. Anayetangulia haoni nyuma. Halafu ghafla wanachomoka. Kenny alipoteza kwa Hoy, akabaki na fedha. Mwenye nyumba aliyekuwa anatazama begani kwetu akasema hao si wakimbiaji, hao ni paka.

Siku ya pili, Alhamisi 7 Agosti: Mpapura hadi Mnazi Mmoja

Siku ndefu, na sehemu kubwa yake haina la kuandika: jua, mikorosho, mlima mdogo, mteremko mdogo, tena.

Isipokuwa mteremko mmoja.

Ni ule wa kuelekea bonde la Lukuledi. Kwa baiskeli ya kawaida unaacha pedali zitulie, unashuka unapiga mluzi. Kwa frewili iliyochomelewa hakuna kutulia. Kadiri unavyoshuka ndivyo miguu inavyochezeshwa, na mpwa wangu alikuwa amevaa kandambili. Niliona mguu wa kulia umetoka kwenye pedali, kisha wa kushoto, akainua miguu yote miwili hewani huku pedali zinazunguka peke yake kama panga la feni. Mbele yake kulikuwa na lori la makaa linapanda. Nilipiga kelele neno ambalo sitaliandika. Akabana breki ya mzee, baiskeli ikayumba, akaingia kwenye nyasi upande wa kushoto akabaki amekaa, mzima, kandambili moja ikiwa barabarani. Lori likaikanyaga.

Tulikaa pale kama dakika ishirini bila kusemeshana. Mimi nilikuwa natetemeka kuliko yeye. Mtu wa bodaboda akasimama, akatutazama, akatoa mkanda wa mpira aliofungia mzigo wake, akamfunga kijana kipande cha kandambili kilichobaki mguuni. "Twendeni taratibu, Mnazi Mmoja si mbali," akasema, akatusindikiza nyuma na taa zimewashwa mpaka tambarare. Nilimpa 2,000 ya soda, akapokea 1,000.

Ushauri wangu: msichomelee frewili. Kama mmeshachomelea, vaeni viatu vya kufunga kamba, na kwenye mteremko shukeni mtembee.

Mnazi Mmoja ndipo njia zinapoachana, moja kwenda Masasi, nyingine Lindi mjini, na hapo malori mengi ya makaa mnaagana nayo. Pana chakula cha kila namna. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga 4,000 sahani. Kandambili mpya 3,500. Gesti 15,000 chumba cha vitanda viwili, lakini mwenye gesti (simtaji) akagoma baiskeli zisiingie ndani kwa sababu ya sakafu ya vigae. Nikabishana, nikashindwa, nikazifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya dirisha na nikaamka mara nne usiku kuzikagua. Ulizeni habari ya baiskeli kabla ya kulipa.

Kabla ya kulala nilimuuliza kilichotokea London 2012, maana niliona ananyamaza mno na sikutaka alale na lile lori. Akachangamka. Mwaka ule kila nchi iliruhusiwa mtu mmoja tu kwenye mbio za mmoja mmoja, na Waingereza wakamwacha Hoy, bingwa mtetezi, wakamweka Kenny. Hebu fikiria uzito huo mgongoni mwa kijana wa miaka 24. Kwenye mchujo akapita mita 200 za mwisho kwa sekunde 9.713. Kwenye fainali akakutana na Mfaransa Grégory Baugé, akamfunga mbili bila. Rio 2016 akachukua dhahabu tatu. Ile ya keirin, mbio ambazo wakimbiaji huanza kwa kuifuata pikipiki ndogo, ilisimamishwa na kuanzishwa upya mara mbili, na waamuzi walikagua picha kama yeye na mwenzake wa Malaysia wameipita pikipiki mapema. Wakaachwa waendelee, akashinda.

"Halafu akaacha," mpwa wangu akasema. "Hakutangaza. Alikaa tu nyumbani karibu mwaka mzima."

"Kwa nini akarudi?"

"Sijui, mjomba. Labda alichoka kukaa."

Siku ya tatu, Ijumaa 8 Agosti: Ngongo na Lindi mjini

Kutoka Mnazi Mmoja hadi Lindi ni kama kilomita 25, na viwanja vya Nane Nane vya Ngongo unavikuta kabla hujaingia mjini. Tulifika saa tatu. Vumbi, spika tatu zinashindana, matrekta yamepambwa vitambaa, miche ya mikorosho, asali, mihogo mikubwa kama mapaja ya mtu. Nililipa maegesho ya baiskeli 500 moja kwa kijana mwenye kitabu cha risiti ambacho nashuku alikinunua mwenyewe.

Nilidhani atatazama maonesho. Akaenda mahali penye kivuli karibu na banda la mbegu, akapanda Phoenix na kusimama. Palepale, bila kusonga, bila kuweka mguu chini, gurudumu la mbele limekunjwa kidogo, akijisukuma mbele kidole kimoja na nyuma kidole kimoja. Watoto wakaja. Wakaja na watu wazima. Mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti, wakafika 140 ndipo akaanguka juu ya ndoo za mbegu za alizeti. Hatukutozwa kitu. Bibi wa banda alicheka mpaka akafunga kanga upya.

Tarehe hiyo ilikuwa na maana yake, nami sikuijua mpaka aliponieleza tukinywa maji ya madafu (1,000 moja). Fainali ya keirin ya Tokyo, iliyokimbiwa Izu, ilikuwa tarehe 8 Agosti 2021. Nane Nane. Kenny alikuwa na miaka 33. Kwenye mbio za timu walikuwa wamepata fedha nyuma ya Waholanzi. Kwenye mmoja mmoja, mbio alizokuwa bingwa wa Olimpiki mara mbili mfululizo, akatolewa mapema. Watu walishaanza kumsema kwa wakati uliopita.

Keirin ni mizunguko sita. Pikipiki ndogo inatangulia, wakimbiaji wanaifuata kwa foleni, inaongeza mwendo taratibu, na ikibaki mizunguko mitatu inatoka njiani. Hapo ndipo kila mtu kwa kawaida anamtazama mwenzake, paka wale wale. Siku ile Kenny alikuwa mbele ya foleni, na nyuma yake Mwaustralia Matthew Glaetzer aliacha nafasi. Si kubwa. Pikipiki ikatoka, Kenny akageuza shingo, akaiona ile nafasi, akaondoka.

Tuliitazama mara tatu, tumefunika simu na kofia kwa ajili ya jua. Mara ya kwanza niliona mtu anakimbia peke yake tu. Mara ya pili nikaangalia wa nyuma: wanasubiriana, kila mmoja anataka mwingine ndiye atumie nguvu za kuifuta nafasi, na wakati wanasubiriana nafasi inakuwa nusu ya uwanja. Mara ya tatu nikaangalia ile shingo peke yake. Haikuchukua sekunde. Akamaliza mizunguko mitatu peke yake, Azizulhasni Awang wa Malaysia wa pili, Harrie Lavreysen wa Uholanzi wa tatu. Hakuna Mwingereza mwingine mwenye dhahabu saba.

"Ungeiona wewe?" nikamuuliza.

Akafikiri kweli kweli. "Ningeiona. Ila ningegeuka mara ya pili kuhakikisha."

Lindi mjini tuliingia saa kumi jioni. Gesti nyingine, 15,000, na mama mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyesema tuziingize baiskeli chumbani. Pweza wa kuchoma ufukweni, vipande vya 500 na pilipili. Kahawa kijiweni na kashata. Nililala saa mbili.

Siku ya nne, Jumamosi 9 Agosti: Kitunda

Ng'ambo ya ghuba ni Kitunda. Tulivuka kwa mashua, 500 mtu na 500 baiskeli. Mwenye mashua alitaka 1,000 kwa baiskeli mpaka alipoambiwa hii haina frewili, sijui kwa nini hilo lilimlainisha. Huko tukapata kiwanja cha mpira kigumu, cha udongo, hakuna mtu.

Kijana alitaka kujipima mita 200. Tuliazima kamba ya mashua, tukapima pima kwa pima, tukaweka madafu matupu mawili kuwa alama. Kazi yangu ilikuwa kushika saa ya simu na, kabla ya hapo, kushika tandiko. Kwenye viwanja vya kweli makocha ndio wanaoshikilia baiskeli wakati wa kuanza, mkimbiaji akiwa ameshafunga miguu yote miwili. Nikashika. Mkono ukakumbuka: ni tandiko lile lile, baiskeli ile ile, alipokuwa na miaka saba nyuma ya nyumba ya babu yake, nikikimbia nimeinama na yeye akipiga kelele nisiachie.

Mara ya kwanza sekunde 20.4. Mara ya pili 19.8. Rio, Kenny alipita umbali huo kwa 9.551.

"Mjomba, ulichelewa kubonyeza."

Nilichelewa, ni kweli. Nilikuwa nimebonyea magoti naendesha naye. Nikamwambia arudie. Mara ya tatu nilibonyeza sawa, lakini nilimwona anapoteza njia kwenye kona ya kushoto, anakwenda nje ambako udongo ni laini, na sikuwa na la kufanya. Nilikuwa na kidole kimoja na kitufe kimoja. Sauti yangu haikumfikia. 20.1.

Tukiwa tunanywa maji akanimalizia hadithi. Februari 2022 Kenny alitangaza kustaafu, na papo hapo akatajwa kocha wa mbio za kasi za wanaume wa Uingereza. Alikuwa amepanga kukimbia mpaka Paris. Paris 2024 alikuwepo, ila pembeni ya njia. Vijana wake watatu, Ed Lowe, Hamish Turnbull na Jack Carlin, wakafika fainali ya timu, wakashindwa na Waholanzi waliovunja rekodi ya dunia. Fedha, rangi ile ile aliyoipata yeye mwenyewe Tokyo nyuma ya Waholanzi hao hao. Carlin akapata shaba kwenye mmoja mmoja.

"Unadhani ni rahisi zaidi?" akauliza. "Kusimama pale?"

Nikamwonesha kidole cha kubonyezea. Akacheka. Nikamwambia akifika kwenye lile dafu la kushoto ajikaze aingie ndani, asifuate tairi inakotaka. Mara ya nne ilikuwa 19.1, na kusema kweli sijui kama ni kona au ni mimi niliyewahi kubonyeza.

Siku ya tano, Jumapili 10 Agosti: kurudi

Kurudi na kusi usoni sikukubali. Basi, 6,000 mtu, na 3,000 kwa baiskeli moja juu ya keria. Walianza na 5,000. Zungumzeni na wapakizi kabla hawajaifunga kamba, ikishapanda bei haishuki. Tuliondoka saa mbili na nusu badala ya moja na nusu kwa sababu ya gunia la mtu lililokuwa linavuja kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitaja. Mteremko wa Lukuledi tuliupanda tumelala.

Tulishuka Mikindani. Mzee alikuwa chini ya mkungu ule ule.

"Ilitumika?"

Mpwa wangu akatazama kandambili zake mpya. "Mara moja, babu."

"Mara moja inatosha," akasema, akaifungua, akairudisha kwenye kopo. Safari hii alikubali pakiti ya korosho za kubanguliwa tulizonunua Ngongo kwa 8,000.

Zilibaki kilomita 10 na baiskeli haina breki tena. Nikamwambia akae nyuma yangu, asinipite hata kwa bahati mbaya, na mwendo nitaupanga mimi. Akatii. Nilianza taratibu, kisha nikaongeza kidogo, kisha kidogo tena, nikimsikia mnyororo wake nyuma. Nyumba za mji zilipoanza kuonekana, na barabara haina gari, nikasogea pembeni.

Nilipofika nyumbani Phoenix ilikuwa imeegemea mwembe, na dada yangu alikuwa anamuuliza mtoto wake amemwacha wapi mjomba wake.